Siku ya Mwisho: Kutoka Mto Nile hadi Petite Barrière

Watu waendao mtoni kwa boti za mpira huhesabu safari yao kwa maporomoko. Likishapitwa poromoko la mwisho, makasia yakakusanywa na boti zikapakiwa juu ya lori, husema kwamba safari imekwisha na kilichobaki ni njia ya kurudi nyumbani tu. Kwa kundi la watu 14 ambalo sisi tuliandamana nalo katika mwezi wa Julai 2018, hesabu ya namna hiyo haikufaa. Tisa kati yao walikuwa wakazi wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda; watano walikuwa wakazi wa Goma, upande wa pili wa mpaka, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku ya kwanza walikutana alfajiri mbele ya Petite Barrière, na ilikuwa wazi kwamba pale pale ndipo watakapoagana.

Msomaji asiyeifahamu miji hiyo inafaa aelezwe kwamba hakuna mto wala mlima unaoitenga. Nyumba za Gisenyi na nyumba za Goma zimepeana migongo. Milango rasmi ya kupitia ni miwili. Mmoja uko ufukweni mwa Ziwa Kivu, nao huitwa Grande Barrière, yaani kizuizi kikubwa, ambako hupita magari na wageni. Wa pili uko kaskazini yake, katikati ya mitaa ya watu wa kawaida, nao ndio Petite Barrière, kizuizi kidogo. Majina haya yanapotosha, maana hicho kinachoitwa kidogo ndicho kilichokuwa kikipitisha umati. Katika miaka ile walikadiriwa kupita hapo zaidi ya watu 40,000 kwa siku, karibu wote kwa miguu.

Tunaieleza safari hiyo sasa, baada ya miaka kupita, kwa sababu kila hatua yake, ambayo wakati ule tuliiona kuwa jambo la kawaida, ilikuja kufungwa kwa zamu yake.

Siku ya mwisho mtoni ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Julai. Kesho yake ilikuwa itimie miaka 156 kamili tangu Mwingereza John Hanning Speke afike Jinja na kuyaona maji ya Ziwa Victoria yakitoka kuelekea kaskazini, ingawa Wasoga na Waganda walikuwa wakiyaona kila siku kabla yake. Maporomoko aliyoyaona Speke leo hayapo. Yalimezwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Mchezo wa kuteremka mto kwa boti za mpira ulipoanza Jinja katikati ya miaka ya 1990, ulianzia chini ya bwawa hilo, na fahari yake ilikuwa maporomoko ya Bujagali. Kwa Wasoga, Bujagali lilikuwa maskani ya mzimu mwenye jina hilo hilo, na matambiko yalibidi kufanywa kabla maji hayajapandishwa. Mwaka 2011 bwawa jipya liliyafunika maporomoko yale, na mwaka uliofuata mitambo yake ya megawati 250 ikazinduliwa. Boti zikasogea chini zaidi. Wakati tulipokuwa huko, bwawa la tatu, la Isimba, lilikuwa linakaribia kukamilika, na waongozaji wa boti walikuwa wakituonyesha kwa kasia visiwa na miamba ambayo itakuwa chini ya maji kabla ya mwaka kwisha.

Sisi hatuwezi kumlaumu mtu anayetaka umeme. Vijana wale wale wa Goma waliokuwa wakisikitikia maporomoko walitoka katika mji ambao taa huzimika bila taarifa. Lakini ilikuwa ajabu kupita mahali huku ukiambiwa kwamba mwakani hapatakuwapo.

Boti zilikuwa mbili. Kiongozi, Mganda mwenye sauti kubwa, hakumwuliza mtu yeyote pasipoti yake ni ya nchi gani. Aliwapanga watu kwa uzito, wazito mbele na wepesi nyuma, akahakikisha kila upande una mkono wenye nguvu. Hivyo muuguzi kijana wa Goma alijikuta ameketi bega kwa bega na fundi seremala wa Gisenyi, na wakakaa hivyo siku zote tatu. Amri za mtoni hutolewa kwa Kiingereza, lakini siku ya pili kundi lilikwisha kuzigeuza: "Piga!" maana yake kasia mbele, "Rudisha!" kasia nyuma, "Chini!" kila mtu ajikunyate ndani ya boti na kushika kamba. Kiongozi mwenyewe alizikubali, akasema kwamba neno fupi ndilo linalofaa palipo na kelele.

Itanda, poromoko lililo kali kuliko yote, halipitwi na boti zenye abiria katika sehemu yake ya juu. Watu hushuka, boti hubebwa ukingoni, na maji huachwa yapige miamba peke yake. Mwaka 2007 Serikali ya Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba sehemu hiyo ya Kalagala na Itanda isijengwe bwawa, ikiwa ni fidia ya Bujagali. Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Baadaye, katika mkondo ambao hakuna aliyeuogopa, boti ya pili ilipinduka. Watu saba walitawanyika mtoni. Walikuwa wamefundishwa walale chali, miguu mbele, vifua vikielea kwa jaketi zao, wasijaribu kusimama. Na hivyo ndivyo walivyofanya, wote isipokuwa seremala, ambaye alihangaika kuogelea dhidi ya maji mpaka muuguzi akamkamata ukosi na kumgeuza kama mtoto. Vijana wenye mitumbwi midogo ya plastiki, ambao kazi yao ni kuwaokota walioanguka, waliwafikia katika muda usiozidi dakika mbili. Hakuumia mtu. Seremala alipoteza kiatu kimoja na maneno yake yote kwa muda wa nusu saa.

(Tuongeze hapa, kwa faida ya wanaonuia kufuata njia hiyo, kwamba maji ya Nile karibu na Jinja yana kichocho. Aliyeogelea humo aende hospitali wiki kadhaa baadaye akapimwe na kupewa dawa, hata kama hajisikii vibaya.)

Saa tisa alasiri tulikuwa nchi kavu. Hapo waongozaji waliwauzia kundi kasia moja kuukuu, lililopasuka ncha, na kila mmoja akaandika jina lake juu yake kwa wino mzito. Walikubaliana kwamba kasia hilo litakaa mwaka mmoja Goma na mwaka mmoja Gisenyi, na kwamba upande unaolihifadhi ndio utakaotayarisha safari inayofuata. Kura iliangukia Goma. Muuguzi akalichukua.

USIKU NA ALFAJIRI

Kutoka Jinja hadi Kampala ni kilomita 80 tu, lakini msongamano wa magari ulituchosha kuliko mto. Basi la Kigali liliondoka usiku. Tulikuwa tumekwisha kuuacha mstari wa Ikweta pale Kayabwe wakati abiria mmoja alipopiga kelele kwamba mwezi unaliwa. Ndivyo ilivyokuwa. Usiku ule wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa nne na nusu hadi kupita saa sita, kwa muda wa dakika 103, ambao ni kupatwa kwa mwezi kuliko kurefu kuliko kote katika karne hii ya 21. Ulining'inia juu ya migomba ya Masaka ukiwa mwekundu kama chungu kilichotoka kuchomwa. Mzee mmoja alisali kwa sauti ya chini. Vijana wetu, ambao nguo zao zilikuwa bado zimelowa maji ya Nile, walitazama kidogo kisha wakalala.

Mpakani Katuna, ambako upande wa Rwanda huitwa Gatuna, tulifika kabla ya jua. Mambo mawili hubadilika hapo kwa pamoja: magari huacha upande wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia, na saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jambo la tatu halikuwa katika hesabu zetu. Tangu mwaka 2008 Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki, na askari hupekua mizigo kwa makini. Nguo zote zilizolowa zilikuwa zimefungwa katika mifuko hiyo hiyo. Mifuko ilichukuliwa, nguo zikarudishwa, na watu 14 wakaingia Rwanda wakiwa wamebeba suruali mbichi mikononi mfano wa wafuaji waliokosa kamba. Askari mmoja aliyeliona kasia aliuliza ni la nini, akajibiwa, akatikisa kichwa.

Kigali tulifika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwenyeji yeyote wa Rwanda angetuonya. Jumamosi ya namna hiyo ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, ambapo mpaka saa tano asubuhi maduka hufungwa, mabasi husimama, na watu huonekana na majembe na mafyekeo katika mitaa yao. Kituo cha Nyabugogo kilikuwa kimya. Hapo wale watano wa Goma walianza kutazama saa. Wakati huo Petite Barrière ilifunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Aliyechelewa ilimbidi azunguke hadi ufukweni, Grande Barrière, usiku, na mizigo yake, kisha atafute usafiri mwingine upande wa pili. Muuguzi alikuwa na zamu ya usiku. Kutoka Kigali hadi Gisenyi ni mwendo wa saa tatu na zaidi katika barabara ya milima.

Basi liliondoka kiasi cha saa sita mchana. Karibu na Musanze tulivuka daraja la mto Mukungwa. Maji yale ya rangi ya udongo yaendayo chini ya daraja huingia mto Nyabarongo, Nyabarongo huenda kuwa Akagera, Akagera huingia Ziwa Victoria, na Victoria hutokea Jinja. Kwa maneno mengine, maji tuliyoyavuka pale yalikuwa njiani kwenda tulikotoka. Mbele yake, baada ya Mukamira, barabara huvuka mgongo unaogawanya mito, na mvua inyeshayo upande wa Gisenyi haiendi tena Misri. Huingia Ziwa Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi, hushuka Ziwa Tanganyika, na kwa njia ya Lukuga huufikia mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Zamani za kale hata Kivu lenyewe lilimwagikia kaskazini, upande wa Nile, mpaka milima ya moto ya Virunga ilipoinuka na kuliziba, likageuka na kutafuta njia ya kusini. Seremala, ambaye alikuwa amepata tena maneno yake, alisema kwamba basi Kivu ndilo la kwanza kufungiwa mpaka.

KIZUIZI KIDOGO

Tulishuka Gisenyi saa kumi na nusu, na kundi zima likaenda kwa miguu hadi Petite Barrière, hata wale tisa ambao nyumba zao zilikuwa upande mwingine.

Anayefika pale jioni hukutana na watu wanaorudi. Asubuhi mkondo hutoka Rwanda kwenda Kongo, nao umebeba nyanya, kabichi, vitunguu, viazi, maziwa, mayai na kuku; jioni hurudi wenyewe pamoja na beseni tupu. Wengi wao ni wanawake. Mtaji wa mmoja wao ungeweza kukaa ndani ya kitambaa cha kichwani, na faida ya siku ni chakula cha usiku ule. Wamo pia watu wenye ulemavu wanaosukuma baiskeli kubwa za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo mizito. Mpaka huu umewapa kazi ambayo mahali pengi wangenyimwa. Upande wa Goma, mtaa wa Birere huanza papo hapo, na chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma kwa mguu, husubiri mizigo kwa safu. Kiswahili ndicho kinachosikika pande zote mbili. Mwenye kusikiliza kwa makini hutambua kwamba kimoja kimechanganyika na Kinyarwanda na kingine na Kifaransa, lakini bei hutajwa na kueleweka bila mkalimani.

Utaratibu wa hati ulikuwa mwepesi kwa mkazi wa miji hiyo miwili. Nchi za Rwanda, Burundi na Zaire, kama ilivyoitwa wakati ule, ziliunda Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu mwaka 1976, na makao yake yakawekwa Gisenyi hapo hapo. Ndiyo maana mwanamke wa Mbugangari aliweza kwenda kuuza kabichi Goma akiwa na kitambulisho tu na kurudi kabla ya jua kuzama. Wasafiri wetu, kwa kuwa walitoka mbali, walitakiwa waonyeshe hati za safari na kugongewa mihuri.

Mpaka huo ulikuwa umekwisha kuona makubwa. Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliumiminikia kwa siku chache tu, wakaingia Goma, ambako kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Januari 2002 mkondo uligeuka: mlima Nyiragongo ulipotapika moto na kuikata Goma kwa uji wa mawe, wakazi wake ndio waliokimbilia Gisenyi. Kila familia ya pale ina mtu aliyewahi kulala upande usio wake.

Kundi lilikuwa limekaa siku tano bila kutengana. Sasa wale watano walisimama katika foleni, na wale tisa wakabaki nyuma ya kamba. Hapakuwa na hotuba. Forodhani upande wa Kongo, ofisa alilishika kasia, akaligeuza, akasoma majina, akauliza thamani yake na litatumika kwa kazi gani. Kabla muuguzi hajajibu, mama mmoja mwenye beseni kichwani alimwambia, "Papa, si unaona? Ule ni mwiko. Wanaenda kupikia ugali mtaa mzima." Foleni nzima ilicheka, na ofisa naye. Kasia likapita bila ushuru. Ilikuwa imebaki kama robo saa kufika saa 12. Giza lilipoingia, wekundu wa Nyiragongo ulionekana juu ya mawingu kutoka miji yote miwili, maana wakati huo ziwa la moto lilikuwa bado likitokota kilele chake.

YALIYOFUATA

Siku nne baada ya hapo, tarehe 1 Agosti 2018, Serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika eneo la Beni, mkoa ule ule wa Kivu ya Kaskazini. Mabomba ya kunawia mikono na vipima joto vikawekwa Petite Barrière, na kila mpitaji akapimwa. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa kutokana na ugomvi wa Rwanda na Uganda, na Wanyarwanda wakazuiwa kwenda Uganda. Machi 2019 bwawa la Isimba la megawati 183 lilizinduliwa, na sehemu ya maji tuliyoyateremka ikawa ziwa tulivu. Safari ya pili, ambayo watu wa Goma walikuwa wamekwisha kuipangia Julai, haikufanyika. Mwezi huo huo mgonjwa wa kwanza wa Ebola alionekana mjini Goma, na tarehe 1 Agosti mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, ukafunguliwa.

Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya Korona, na mara hii haukuwa wa saa. Wachuuzi wa beseni walikula mitaji yao. Baadaye waliruhusiwa kukusanya mali zao kwa pamoja na kuzivusha kwa magari, lakini mwenye vichwa viwili vya kabichi hana cha kupeleka katika lori.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena. Ingawa mpaka ulikuwa umefungwa, watu walipitishwa kwa maelfu. Muuguzi alivuka Petite Barrière usiku ule akiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa vyeti, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa seremala, akakaa huko siku tisa. Uji wa moto ulisimama kwenye viunga vya Goma, na nyumba yake haikuguswa.

Gatuna ilifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na mwezi wa Machi Rwanda ikafungua mipaka yake yote ya nchi kavu. Kwa miezi mitatu hivi kulikuwa na mazungumzo ya safari. Kisha, tarehe 17 Juni 2022, askari wa Kongo aliyevuka Petite Barrière akifyatua risasi alipigwa risasi na kufa upande wa Rwanda. Kongo ikaamuru mpaka ufungwe saa tisa alasiri, saa ambayo basi la Kigali liondokalo mchana huwa bado milimani. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na makombora yaliyovuka mpaka siku hiyo yaliua watu Gisenyi.

Seremala na wenzake wawili walikwenda Jinja mwaka 2023. Walituambia kwamba Itanda bado inanguruma, na kwamba boti sasa hutoka majini mapema zaidi kuliko zamani. Walipewa makasia ya kukodi. Lile lenye majina 14, kwa habari tulizozipata mara ya mwisho, lilikuwa bado Goma, nyuma ya mlango wa jikoni.